Kuchagua oili ya injini: Subaru ya turbo, pikapu ya dizeli na lori la mzigo

Ukiingia duka la spea ukaomba oili, muuzaji atakuuliza mambo mawili: ni petroli au dizeli, na una shilingi ngapi. Kwa gari dogo la mjini majibu hayo yanaweza kukutosha. Kwa Forester ya turbo, kwa Hilux inayobeba mzigo kwenye vumbi kila siku, au kwa semitrela yenye tani 56 inayopanda Kitonga, hayatoshi. Injini za namna hii zinaipika oili kwa joto, zinaichafua kwa masizi, na oili isiyolingana na kazi haitoi taarifa mapema. Taa ya oili inapowaka kwenye dashibodi, metali za krenki, yaani beringi zake, mara nyingi zimeshaanza kulika.

Hapa tutakwenda kinyume na dukani. Tutaanza na injini na kazi yake, tuje kwenye herufi za daraja, kisha namba za uzito, yaani oili inatiririka kwa uzito au wepesi gani. Jina la kampuni ndilo la mwisho kabisa, ingawa najua ndilo ambalo watu hugombania vijiweni.

Hatua ya 1: Jua injini, usiishie kwenye jina la gari

"Forester" si jibu. Forester ya SG5 inaweza kuwa na EJ20 ya kawaida au EJ20 yenye turbo, na mahitaji yake hayafanani. Hilux inaweza kuwa na 1KD, 2KD, 1GD, 2GD au 2TR ya petroli. Fungua boneti, soma kibao cha gari, andika namba ya injini kwenye simu yako. Kisha jijibu maswali haya bila kujidanganya:

- Ina turbo?
- Mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, au kwenye manifoldi?
- Kama ni dizeli, ekzosi ina kichujio cha masizi, yaani DPF, na bado kipo?
- Kwa siku, gari linakaa muda gani limewashwa bila kutembea?
- Linabeba nini, na linapanda wapi?

Baada ya hapo tafuta kitabu cha gari. Gari zetu nyingi zimetoka Japani na kitabu kikiwemo ni cha Kijapani, lakini usikitupe: jedwali la oili limeandikwa kwa herufi na namba za kawaida, kwa hiyo utaona 5W-30, utaona SN, utaona lita ngapi. Tazama pia mfuniko wa kumiminia oili, mara nyingi uzito umechapwa juu yake. Ila kumbuka kitu kimoja. Kitabu cha Japani kiliandikwa kwa barabara za Japani, na hesabu ya kubana mafuta ina nafasi kubwa humo. Kama injini hiyohiyo iliuzwa Australia au Afrika Kusini, tafuta mtandaoni kitabu cha huko. Wao wana joto, wana vumbi, na wanavuta mizigo. Mara nyingi utakuta jedwali lenye uzito wa oili zaidi ya mmoja, kila mmoja na kiwango chake cha joto la nje.

Hatua ya 2: Soma herufi kabla ya namba

Geuza dumu utazame nyuma. Upande wa mbele ni matangazo.

Oili ya petroli inapimwa na API, Taasisi ya Petroli ya Marekani, kwa herufi inayoanza na S: SL, SM, SN, SP. SN ilianza 2010, SP ikaja 2020, na SQ ikaanza 2025. Ya mbele huchukua nafasi ya za nyuma, hivyo gari linaloomba SM unaweza kuliwekea SP bila wasiwasi. Kinyume chake hakikubaliki. Madukani kwetu bado utakuta madumu mapya, yanang'aa, yameandikwa SF au SG. Kwa mujibu wa API, SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Ukiimwaga kwenye Mark X utakuwa umetumia oili iliyopitwa kwa miongo, hata kama dumu lina picha ya gari la mashindano.

Kwa injini ya turbo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama FA20 ya Forester XT mpya au TSI za Volkswagen, hakikisha ni SP au zaidi. Injini hizo zikikanyagwa sana kwenye mzunguko mdogo, mafuta yanaweza kulipuka kabla ya plagi kutoa cheche, na mlipuko huo huvunja pistoni. Oili yenyewe inachangia: dawa ya kusafisha iliyojaa kalsiamu huongeza hatari. SN Plus ya 2018 iliongeza kipimo cha tatizo hilo, na SP ikakibeba. EJ20 ya zamani inapuliza petroli kwenye manifoldi, kwa hiyo jambo hili haliisumbui kiasi hicho. Ina matatizo yake, tutayafikia.

Dizeli ina herufi C. CH-4 ni ya 1998, CI-4 ya 2002, CJ-4 ya 2006, na CK-4 ilianza mwisho wa 2016. Pamoja na CK-4 ilitoka FA-4, oili nyepesi kwa ajili ya malori mapya ya Marekani. Hiyo usiiweke kwenye lori lako mpaka kitabu kiitaje kwa jina, kwa sababu haikutengenezwa kurithi za nyuma.

Hapa ndipo wenye malori hupotea. CJ-4 na CK-4 zina majivu machache ili zisizibe DPF, na zilikusudiwa dizeli yenye salfa isiyozidi 15 ppm (sehemu 15 kwa milioni). Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2015 ni 50 ppm. CK-4 inakubali kutumika hata salfa ikifika 500 ppm, ila API wenyewe wanaonya kwamba muda wa kumwaga oili unaweza kupungua. Salfa ikiungua hutoa asidi, na asidi humaliza akiba ya dawa ya kuidhibiti iliyomo kwenye oili. Akiba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya vipimo kama TBN. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: lori la zamani lisilo na DPF, la Fuso au Howo au Scania ya miaka ya nyuma, linaenda vizuri na CI-4 yenye TBN ya 10 au zaidi, na utabakiwa na chenji. Lori au pikapu yenye DPF inayofanya kazi inahitaji oili ya majivu machache, hakuna mjadala. Kwa gari za Kijapani tafuta alama za JASO, kiwango cha Japani: DH-2 kwa malori na DL-1 kwa dizeli ndogo. DH-1 ni ya malori yasiyo na DPF. Wapo waliokwisha kung'oa DPF zao gereji. Hao nao sasa wanachagua oili kama wenye lori la zamani, na moshi wao ni habari nyingine.

Malori ya Ulaya hayaridhiki na herufi za API peke yake. Volvo wana VDS, Scania wana LDF, Mercedes wana kurasa zenye namba kama 228.3 na 228.51. Soma maneno yanayozunguka namba hizo. Dumu lililoandikwa MB-Approval 228.51 lina oili ambayo Mercedes wameikagua na kuiorodhesha. Likisema tu kwamba oili "inafaa" au "inakidhi" kiwango hicho, hayo ni maneno ya mtengenezaji wa oili. Anaweza kuwa mkweli, lakini hakuna mwingine aliyetia sahihi.

Hatua ya 3: Sasa chagua uzito

Chukua 5W-40. Namba ya kwanza, yenye W, inahusu baridi: 5W hupimwa injini inavyozunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Dar es Salaam au Mombasa alfajiri haifiki huko, wala Makambako haifiki. Usilipe pesa nyingi kwa sababu ya 0W peke yake, japo namba ndogo bado husaidia oili kufika juu ya injini upesi unapowasha asubuhi.

Namba ya pili ndiyo yenye kazi kwetu. Inapimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Uzito wa 30 una kati ya 9.3 na 12.5 kwenye kipimo cha sentistoki, 40 una kati ya 12.5 na 16.3, na 50 unaanzia 16.3 hadi karibu 22. Lakini injini ya turbo inayokimbizwa kutoka Nairobi hadi Nakuru, au lori lililo gia ya chini kwa nusu saa, haibaki kwenye nyuzi 100. Oili ya 40 ikifika nyuzi 120 inakuwa nyepesi karibu sawa na oili ya 30 iliyo kwenye 100. Ndiyo maana ya kupanda daraja moja: hujaongeza uzito kwa ajili ya fahari, umefidia joto ulilonalo kweli.

Kuna namba nyingine isiyoandikwa mbele ya dumu, nayo naiona muhimu kuliko zote kwa gari la nguvu. Inaitwa HTHS, uzito wa oili kwenye nyuzi 150 ikiwa inasagwa, hali inayofanana na ile iliyo kati ya krenki na metali. Mstari wa kukumbuka ni 3.5. Oili za 5W-30 zenye alama ya ILSAC (kiwango cha watengenezaji magari wa Marekani na Japani), zinazolenga kubana mafuta, zinatakiwa kufika 2.9 tu. Oili za ACEA, kiwango cha Ulaya, za daraja A3/B4 na C3 lazima zifike 3.5 au zaidi, na CK-4 hali kadhalika. Kwa hiyo unaweza kushika madumu mawili ya 5W-30 mkononi, bei moja, na moja likawa na ukuta mzito zaidi wa oili kuliko lingine. Ukiona A3/B4 au C3 nyuma ya dumu, HTHS umeshaijua bila kutafuta karatasi ya vipimo.

Kwa kawaida naishia hapa:

EJ20 ya turbo isiyofanyiwa kitu, ya kwenda kazini na safari za kawaida: 5W-30 au 5W-40, mradi iwe na 3.5 au zaidi. Ya safari ndefu za kasi: 5W-40 ya A3/B4. Ya mashindano, au iliyoongezewa presha ya turbo: 10W-50, na weka kwanza geji ya joto la oili. Kupandisha uzito bila geji ni kubahatisha. (Tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, na Richard Burns mwaka 2000, kila mwenye Subaru anaamini anahitaji oili ya mashindano. Foleni ya Thika Road haihitaji.)

Hilux au Prado ya 1KD: 5W-30, 10W-30 au 15W-40 kufuatana na jedwali la kitabu. Inayobeba mzigo pwani: 15W-40 ya dizeli inatosha. 1GD yenye DPF: uzito wa kitabu na majivu machache.

Lori la mzigo: 15W-40 ndiyo mfalme wa barabara zetu na haina ubaya wowote. 10W-40 ina maana kwa lori la Ulaya ambalo kitabu kinaruhusu kilomita nyingi kati ya kumwaga na kumwaga.

Na 20W-50? Fundi atakwambia injini imezeeka, iwekee nzito. Kwenye injini ya zamani yenye nafasi kubwa kati ya vyuma, kitabu chenyewe kinaweza kuiruhusu. Kwenye injini yenye valvu zinazobadilisha muda kwa presha ya oili, kama VVT-i ya Toyota au AVCS ya Subaru, oili nzito huchelewa kupita kwenye vijia vyembamba, na utaanza kuona taa ya injini. Geji ya presha itapanda, utafurahi, lakini presha kubwa inaweza kumaanisha tu kwamba oili inapita kwa shida. Injini inayokula oili kwa sababu ya ringi au sili za valvu haiponi kwa 20W-50. Inaficha moshi kwa muda.

Hatua ya 4: Ya madini au ya sintetiki

Hii haihitaji maelezo marefu. Turbo ya petroli: sintetiki, kwa sababu shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na oili ikibaki pale baada ya kuzima injini ya moto hugeuka mkaa. Ndiyo sababu Subaru nyingi zilifika kutoka Japani zikiwa na taima ya turbo kwenye dashibodi. Kama yako iling'olewa, subiri dakika moja mbili kabla ya kuzima baada ya mwendo mkali. Lori la zamani linalomwagwa mapema: madini ya daraja sahihi inatosha. Neno "sintetiki" lenyewe halina maana moja duniani. Tangu uamuzi wa 1999 Marekani, oili inayotokana na petroli ghafi iliyosafishwa sana inaruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo. Si oili mbaya. Rudi tu kwenye herufi za nyuma, ndizo zinazobana.

Hatua ya 5: Hakikisha ni oili ya kweli

Haya yote ni bure kama ndani ya dumu kuna oili chafu iliyochujwa. Wanaofanya biashara hiyo hawatengenezi madumu. Wanayakusanya gereji, wanayasafisha na kuyajaza upya. Kwa hiyo kagua hivi:

Pete ya mfuniko lazima ivunjike kwa mara ya kwanza mikononi mwako. Chini yake tafuta karatasi ya foili iliyogandishwa sawasawa ukingo wote, bila gundi iliyomwagika. Namba ya toleo na tarehe huchapwa kwenye plastiki yenyewe. Paka kidole chenye mate, ikifutika rudisha. Kama unanunua boksi zima, namba ya boksi ilingane na ya madumu. Lebo iliyopinda au yenye mapovu ni dalili. Kampuni kadhaa sasa huweka msimbo wa kukwangua na kuthibitisha kwa simu: kwangua palepale dukani, sio nyumbani. Tazama pia alama ya TBS au KEBS, ukijua kwamba stika nayo huigwa.

Alama ya mduara ya API ina orodha. Kwenye tovuti ya API unaandika jina la oili na kuona kama ina leseni. Oili nzuri za Ulaya wakati mwingine hazimo kwa sababu zinafuata ACEA, kwa hiyo kukosekana peke yake si ushahidi wa uongo. Lakini dumu lenye mduara huo, lililo na jina ambalo halimo kwenye orodha, liache.

Oili ya kupimiwa kutoka pipa naikwepa kwa gari lolote lenye turbo. Kwa mwenye malori matano au zaidi hesabu ni tofauti: nunua pipa zima la lita 200 kwa wakala, likiwa na lakiri, ulifungue mwenyewe kwenye yadi yako.

Ukinunua oili ya kati ya kweli, ukaimwaga kwa wakati, utamshinda aliyenunua ya bei mbaya kwenye duka asilolijua.

Hatua ya 6: Filta, na mahali oili inapokwama

Filta ya Subaru ina vali ya dharura inayofunguka kwa presha kubwa kuliko filta nyingi za ukubwa uleule. Filta ya bei rahisi inaingia, inakaza, haivuji, na inaweza kuruhusu oili isiyochujwa kupita kila unapokanyaga. Nunua ya Subaru au ambayo mtengenezaji ametaja injini yako kwa jina.

Kuna sehemu mbili ambazo oili bora kuliko zote haitaziokoa. Kwenye baadhi ya EJ za turbo, boliti inayoingiza oili kwenye turbo ina kichujio kidogo cha waya ndani yake. Kikiziba, turbo inakauka wakati geji ya presha inaonyesha kila kitu ni sawa. Mwambie fundi aifungue na kuitazama. Kwenye 1KD, kokwa (washa) za shaba chini ya nozeli zikichoka, gesi ya mwako hupenya hadi kwenye oili na kuigeuza lami. Lami hiyo hushuka sampu na kuziba chujio la kunyonyea. Ukisikia mlio wa tiki tiki au kuona tope jeusi zito chini ya mfuniko wa oili, usimwage oili mpya juu yake. Shusha sampu, safisha chujio, badilisha kokwa.

Hatua ya 7: Pima, mwaga, andika

EJ ya turbo: kilomita 5,000, na kijiti cha oili kila unapojaza mafuta. Injini hii imelala, hivyo oili huchelewa kurudi. Zima, subiri dakika tano sehemu tambarare, vuta kijiti, futa, rudisha, vuta tena. Pande mbili za kijiti mara nyingi hutoa majibu tofauti. Amini ulio chini. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita moja, na sampu nzima ni karibu nne na kitu, kwa hiyo ukiwa kwenye alama ya chini umepungukiwa karibu robo.

Lori: usihesabu kilomita peke yake. Foleni ya Tunduma au Malaba yenye injini inayounguruma usiku kucha haiongezi chochote kwenye mita, lakini oili inaendelea kuchakaa. Makadirio yanayotumika sana ni saa moja ya kuunguruma kwa takriban kilomita 40. Rangi nyeusi kwenye dizeli si sababu ya kumwaga; hayo ni masizi, na oili imewekwa dawa ya kuyabeba. Kinachotakiwa kukushtua ni kiwango kupanda badala ya kushuka. Nusa kijiti: harufu ya mafuta ina maana nozeli inavuja au DPF inajisafisha mara nyingi mno, weupe wa maziwa ni maji ya rejeta. Hapo huongezi wala hupunguzi oili, unatafuta tatizo.

Mwenye malori kadhaa apeleke sampuli maabara angalau mara mbili kwa mwaka, ichukuliwe injini ikiwa bado moto na oili ikiwa katikati ya kumwagika. Silikoni ikiwa juu, vumbi linapita kwenye filta ya hewa au mpira wake. Chuma kikipanda pamoja nayo, vumbi limeshaanza kula silinda. Potasiamu au sodiamu huashiria maji ya rejeta kabla hujayaona kwa macho. Kwa matokeo hayo unaweza kuongeza muda wa kumwaga kutoka kilomita 10,000 kwenda 15,000 kwa ushahidi, au kuupunguza kabla ya injini kunoki.

Oili uliyomwaga iweke kwenye dumu moja na uikabidhi kwa wanaokusanya kwa ajili ya kuchakata, si kwenye mtaro. Madumu tupu toboa chini kwa bisibisi kabla ya kuyaacha gereji.